Msimwambie mama wa sokoni anunue simu mpya

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa vijana na teknolojia naufuata tangu mlipouanzisha, na nawashukuru kwa kuuandika kwa Kiswahili. Hapa Lubumbashi mambo ya kutengeneza programu za simu husomwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na kijana wa Katuba au Ruashi mwenye akili nzuri lakini Kifaransa cha kusuasua huachwa nje ya mlango. Endeleeni hivyo hivyo.

Ila toleo la wiki iliyopita limenikera na siwezi kunyamaza. Mwandishi wenu ameuliza kwa nini programu zinazotengenezwa na vijana wa hapa zinafanya kazi vizuri siku ya kuonyeshwa, halafu zikifika kwa wateja zinajifunga zenyewe. Swali ni zuri sana. Jibu alilolitoa ndilo baya: kwamba wateja wana simu dhaifu, na kwamba mfanyabiashara mdogo anayetaka kwenda na wakati anunue simu yenye nguvu zaidi.

Mimi natengeneza programu za simu, ndiyo kazi inayonilisha, na jioni nawafundisha vijana kazi hiyo hiyo. Wateja wangu ni wamama wanaouza unga wa mahindi soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, wenye kabini za kutuma pesa, vikundi vya likelemba, yaani vya kuchangiana pesa kwa zamu, na wenye madepo ya dawa. Hao ndio wanaoambiwa wabadili simu. Simu ya mmoja wao imenunuliwa kwa faida ya unga, faranga kwa faranga, na kioo kikipasuka anaendelea nayo hivyo hivyo. Simu hiyo inapokea picha, inacheza video za kwaya, inatuma pesa Likasi na Kolwezi, inashinda na WhatsApp kutwa nzima. Kifaa kinachofanya yote hayo hakiwezi kushindwa na programu ya daftari la madeni. Daftari likijifunga, wa kuulizwa ni aliyelijenga.

Programu ya simu haiandikwi na mkono mmoja. Kuna sehemu uliyoandika wewe, na kuna maktaba, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine: kuna maktaba ya kusoma msimbo wa mistari (barcode) kwenye boksi la dawa, kuna maktaba ya mashine ya risiti iliyotoka kwa mwenye mashine, kuna maktaba za Android yenyewe. Kompaila inageuza kila faili peke yake kuwa lugha ya prosesa, yaani ubongo wa kifaa. Baada ya hapo inaingia linka, inayovishika vipande vyote na kuviunganisha. Kazi yake inafanana na ya fundi nguo aliyeletewa mwili wa shati kutoka kwa mkataji mmoja na mikono kutoka kwa mwingine: vipimo visipolingana, hashoni. Kila kipande kina majina kinachoyatoa na majina kinachoyaomba. Linka inatafuta kila jina lililoombwa. Ikilikosa, inasimama na kuandika ujumbe.

Jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi darasani ni kwamba kuunganisha kunafanyika mara mbili. Mara ya kwanza ni kwenye kompyuta, wakati wa kujenga. Mara ya pili ni ndani ya simu yenyewe, mteja anapoitumia programu: Android inafungua maktaba zilizofungashwa na kutafuta majina upya. Kosa la mara ya kwanza analiona mjenzi kwa herufi nyekundu. Kosa la mara ya pili analiona mama wa sokoni, na yeye haoni herufi yoyote. Anaona programu imefunguka, imefumba, basi. Atasema simu yake imezeeka. Na sasa gazeti nalo linamwambia hivyo.

Tuanze na siku ya kuonyeshwa. Wanafunzi wengi wanajaribu kazi zao kwenye emuleta, yaani simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta. Kompyuta nyingi mjini hapa zina prosesa za aina ya x86_64, na emuleta zake ni za aina hiyo hiyo. Simu za watu zina prosesa za ARM. Kwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya Java au Kotlin peke yake tofauti hiyo haisumbui, maana Android yenyewe inaitafsiri kulingana na kifaa. Lakini pindi inapoingia maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C au C++, kila aina ya prosesa inahitaji nakala yake: x86_64 kwa emuleta, arm64-v8a kwa simu za biti 64, armeabi-v7a kwa simu za ARM za biti 32 (biti ni kipimo cha ukubwa wa namba ambazo prosesa inazishika kwa mara moja). Mwanafunzi aliyejenga nakala ya emuleta tu ataonyesha kazi mbele ya jopo, atapigiwa makofi, na programu yake itakuwa haijawahi kugusa simu hata moja.

Hizo biti 32 ndizo zinazoumiza watu wa hapa kuliko kitu kingine chochote. Tarehe 1 Agosti 2019 Google ilianza kudai kwamba programu zinazopelekwa kwenye Play, duka lake la programu, na zina maktaba za C au C++ ziwe na nakala ya biti 64. Haikusema nakala ya biti 32 iondolewe. Ilisema ya 64 iwepo. Lakini wajenzi wengi walielewa kwamba zama za biti 32 zimekwisha, wakafuta armeabi-v7a kwenye mipangilio yao ya Gradle, zana inayojenga programu, na wengine wanaonakili mipangilio hiyo wanaendelea kuifuta hadi leo bila kujua wanamfungia nani mlango. Tangu mwisho wa 2017 kuna Android Go, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo, na simu hizo zimejaa sokoni kwetu. Nyingi zinaendesha Android ya biti 32, hata pale ambapo prosesa yenyewe ina uwezo wa biti 64. Kwa hiyo kusoma maandishi ya kwenye boksi hakutoshi. Chomeka simu kwenye kompyuta, fungua terminali, andika:

adb shell getprop ro.product.cpu.abilist

Simu ikijibu armeabi-v7a,armeabi peke yake, hiyo ni simu ya biti 32, hata kama muuzaji ameapa vinginevyo. Haina ubaya wowote. Inataka tu nakala yake.

Naomba nionyeshe mfano mmoja kwa karibu, kwa sababu ndio unaowachanganya hata watu wenye uzoefu. Mmoja wa vijana ninaowafundisha alitengenezea depo la dawa programu ya kuuza na kutoa risiti. Kwenye simu yake ilikwenda vizuri. Kwenye simu ya muuzaji wa depo iliingia vizuri, ikafunguka vizuri, ikaonyesha dawa zote na bei zake, na kila alipogusa kitufe cha risiti ilijifunga. Mwenye depo akahukumu kwamba simu haina nguvu ya kuendesha mashine ya risiti. Hukumu hiyo inaeleweka: ni kitufe kimoja tu kilichoua kila kitu.

Faili la APK, yaani kifurushi cha programu ya Android, ni zipu la kawaida. Tulilifungua kwa unzip -l na kutazama folda ya lib. Chini ya arm64-v8a kulikuwa na maktaba mbili, ya kusoma msimbo wa mistari na ya mashine ya risiti. Chini ya armeabi-v7a kulikuwa na moja tu, ya msimbo wa mistari. Aliyeitoa maktaba ya mashine alikuwa ameweka nakala ya biti 64 peke yake. Sasa tazameni kilichotokea. Simu ya biti 32, kabla ya kukubali programu, inaangalia kama kuna folda inayoifaa. Ilikuta armeabi-v7a ipo, ikakubali. Haikuhesabu kama ndani ya folda hiyo kila maktaba imo. Programu ikaishi kwa amani hadi pale ilipoomba maktaba ya risiti, ikaikosa, na Android ikaiua papo hapo kwa kosa liitwalo UnsatisfiedLinkError. Kama folda nzima ya armeabi-v7a isingekuwepo, simu ingekataa tangu mwanzo kuiweka programu, na tatizo lingejulikana siku hiyo hiyo pale dukani.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza ni kumwomba mwenye maktaba nakala ya biti 32, au kujijengea mwenyewe kama ametoa msimbo wake. Kijana aliandika, akajibiwa, akaletewa. Ya pili, kama nakala haipatikani kabisa, ni kuorodhesha kwenye abiFilters, mstari wa mipangilio unaochagua aina za prosesa, zile aina tu ambazo maktaba zake zote zimekamilika, ili simu isiyoweza kuhudumiwa ikatae mapema. Wapo watakaosema hiyo ni kufukuza wateja. Mimi naona ni kumheshimu mteja: afadhali ajue leo kwamba programu haijamfaa kuliko ijifunge akiwa na foleni ya wagonjwa mbele yake.

Kuna njia nyingine ya kufika kwenye kosa hilo hilo, na hii inatuhusu hasa sisi tunaobana mega. Watu wa hapa hawapakui programu kila mmoja kwa unite zake. Mmoja anapakua, wengine wanarushiana simu kwa simu. Tangu Agosti 2021 programu mpya kwenye Play hupelekwa kwa mfumo wa kifurushi kinachogawanywa: kila simu inashushiwa APK ya msingi pamoja na vipande vinavyoifaa yenyewe, na maktaba za prosesa mara nyingi zimo kwenye kipande cha pembeni. Mtu akirusha APK ya msingi peke yake, aliyepokea anapata nyumba isiyo na vyumba vya ndani. Mara nyingine inakataa kuingia, mara nyingine inafunguka na kufumba. Na hata vipande vyote vikirushwa, vile vilivyoshushwa kwa simu ya biti 64 havina cha kuifanyia simu ya biti 32. Ndiyo maana wateja wangu nawapa APK moja kamili, yenye aina zote za prosesa ndani yake, waisambaze watakavyo. Ni nzito zaidi, nakubali. Lakini inapakuliwa mara moja na inafika Kipushi, Kasumbalesa, popote, ikiwa nzima.

Nimeandika sana juu ya makosa ya ndani ya simu kwa sababu ndiyo yanayomgusa msomaji wa kawaida. Yale ya kwenye kompyuta nayo niyagusie, maana hapo ndipo vijana wanapokata tamaa. Ninachokiona mara kwa mara ni hiki: linka inakataa, kijana anasoma neno la kwanza la ujumbe, anaogopa, anafuta kila kitu na kuanza kupakua upya zana za ujenzi. Zana za C na C++ za Android ni mamia ya megabaiti. Kwa bei ya mega hapa, na kuranti inayokatika kabla upakuaji haujafika nusu, huo ni mshahara wa mtu unaopotea. Na baada ya kupakua upya ujumbe unarudi uleule, kwa sababu zana hazikuwa na kosa.

Ujumbe wenyewe unasema kila kitu. Chukueni huu, uliotoka kwenye kazi ya darasani kwetu:

ld.lld: error: undefined symbol: toa_risiti(char const*)

Maana yake ni kwamba kuna kipande kinaomba jina toa_risiti na hakuna kipande kinacholitoa. Kijana alikuwa tayari kuapa kwamba analitoa, na faili lenye toa_risiti lilikuwa wazi mbele yetu. Tazameni yale mabano baada ya jina. Hayo mabano ndiyo ushahidi. Faili lililoandikwa C linatoa jina kama lilivyo, toa_risiti, bila nyongeza. Lakini faili la C++ likiomba jina hilo, linalibandika na aina za vitu linavyopokea, na ndani kabisa jina linakuwa _Z10toa_risitiPKc: 10 ni idadi ya herufi za toa_risiti pamoja na kistari chake, na PKc inaeleza kwamba inapokea maandishi yasiyobadilishwa. Linka haikisii. Kwake hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Linka inapoandika mabano inakuonyesha kwamba jina linalotafutwa ni la C++. Dawa ni kuzungushia tangazo la jina hilo, ndani ya faili la kichwa, maneno extern "C", na kuyakinga kwa #ifdef __cplusplus ili kompaila ya C isiyaone, maana haiyajui. Mistari michache. Hakuna cha kupakua.

Jina likikosekana bila mabano, habari ni nyingine. Mara nyingi ni faili lililosahaulika kwenye CMakeLists, lile faili la maelekezo ya ujenzi, au maktaba ambayo haikutajwa. Anayelia na __android_log_print, kwa mfano, amesahau tu kuongeza maktaba ya log kwenye target_link_libraries, orodha ya maktaba za kuunganishwa. Na ujumbe ukisema kipande fulani "is incompatible with aarch64linux" (aarch64 ni jina jingine la arm64), umekwisha kukwambia kwamba kipande hicho kilijengwa kwa prosesa nyingine. Mara nyingi ni mabaki ya ujenzi wa emuleta. Amri ya llvm-readelf -h, iliyomo ndani ya zana hizo hizo ulizokwisha kupakua, itakuonyesha kipande ni cha prosesa gani.

Kuna pia kosa la simu za zamani, ambalo kwa haraka mtu angempa mwandishi wenu haki. Maktaba inajengwa kwa kulenga Android 6 kwenda juu, halafu inafungashwa ndani ya programu inayokubali kuingia kwenye simu ya Android 5, na simu inalia kwamba haioni jina stderr, njia ya kuandikia jumbe za makosa. Jina hilo halikuwemo kwenye maktaba ya msingi ya Android kabla ya toleo la 6. Kabla ya hapo lilipatikana kwa njia nyingine. Je, ni kosa la simu? Mjenzi ndiye aliyechagua kiwango cha chini. Angechagua 21, namba ya Android 5, badala ya 23, namba ya Android 6, pale kwenye mipangilio, zana zenyewe zingetumia ile njia ya zamani, na simu ya zamani ingeendelea kufanya kazi.

Kwa iPhone sitakawia, kwa kuwa wateja wenye iPhone ninaowahudumia ni wachache na kompyuta za Mac mjini hapa si nyingi. Lakini sheria ni ile ile. Wengi wanakutana na ujumbe "Undefined symbols for architecture arm64" na kudhani arm64 ndiyo kosa, kumbe ni anwani tu. Kosa ni jina lililotajwa mstari unaofuata. Na tangu Apple ilipotoa Mac za M1 mwishoni mwa 2020, emuleta na simu zote zinaweza kuwa arm64, lakini kipande cha emuleta bado hakikubaliki kwenye simu, kwa sababu linka inatazama pia kilijengwa kwa ajili ya kipi. Mwenye kutoa maktaba atumie XCFramework, inayobeba nakala zote mbili zikiwa zimetengana.

Sasa nirudi kwa ushauri wa kununua simu mpya, maana kuna jambo ambalo linaumaliza kabisa. Kwa miaka mingi Android ilipanga kumbukumbu yake kwa kurasa, yaani vipande vya ukubwa mmoja, za KB 4. Kuanzia Android 15, iliyotoka 2024, mfumo unakubali vifaa vyenye kurasa za KB 16. Maktaba iliyounganishwa kwa mpango wa KB 4 tu inaweza kukataliwa na kifaa cha namna hiyo, na kifaa cha namna hiyo ni kipya na cha bei. Ndiyo sababu tangu tarehe 1 Novemba 2025 Google Play inadai programu zinazolenga Android 15 na kuendelea zikubali kurasa hizo. Zana za C na C++ za Android za toleo la 28 zinafanya hivyo zenyewe; anayetumia za zamani zaidi aongeze kwa linka maneno -Wl,-z,max-page-size=16384. Fikirieni basi mama aliyesikia ushauri wa gazeti, akauza mtaji wake wa unga, akanunua simu ya kisasa kabisa, na daftari lake la madeni likajifunga humo pia. Atamlaumu nani?

Nina maombi matatu kwa gazeti na kwa wanaosoma gazeti.

Kwa vyuo na vituo vya mafunzo vya mji huu: jopo lisikubali kazi iliyoonyeshwa kwenye emuleta peke yake. Iwepo mezani simu ya biti 32, ya bei ya chini, ile ile inayouzwa kwa wingi madukani, na mwanafunzi aweke programu yake humo mbele ya walimu. Simu ya namna hiyo iliyotumika haigharimu kituo kitu cha kutisha, na haihitaji intaneti wala kuranti ya muda mrefu. Wenye simu ya kazi ya gharama kubwa, nawaheshimu, lakini mteja wao hana simu hiyo. Na pale panapofundishwa C na C++, somo la linka lisiachwe hadi mwisho wa mwaka kama nyongeza. Kijana anaweza kumaliza mafunzo akijua kuandika kitanzi na kupanga orodha, na asijue kwa nini kazi yake haifunguki kwenye simu ya mama yake mzazi.

Kwa wale wenye zana tayari: wekeni nakala kwenye flashi na kupeana. Zana za Android za C na C++ zinanakilika na kufanya kazi bila kupakuliwa upya, mradi kompyuta zinatumia mfumo mmoja na mnataja toleo lile lile kwenye mipangilio. Darasani kwetu flashi moja inazunguka, na yeyote anayefika mara ya kwanza anaondoka na zana kamili bila kutumia mega hata moja. Toleo liandikwe juu ya flashi kwa kalamu, maana kuchanganya maktaba zilizojengwa kwa matoleo yaliyo mbalimbali sana ni kuzaa makosa mapya ya linka, hasa kwa C++, na maktaba ya libc++_shared.so, maktaba ya msingi ya C++, ikisahaulika ndani ya kifurushi, programu inayoitegemea itajifunga.

Kwako, Ndugu Mhariri: naomba msahihishe ushauri ule katika toleo lijalo, pale pale ulipotoka na kwa herufi za ukubwa ule ule. Mwezi huu wauzaji wa unga wanahesabu faida ya mavuno, na najua angalau mmoja sokoni aliyekwisha kuulizia bei ya simu nyingine kwa sababu ya makala yenu. Nimemwomba asubiri. Programu yake ya madeni niliichukua jana; ina maktaba moja isiyo na nakala ya armeabi-v7a, na aliyeijenga, kijana wa Kamalondo, amekwisha kuanza kuijenga upya.

Mkipenda, niko tayari kuwaandikia mfululizo wa makala fupi juu ya jumbe za linka, kila wiki ujumbe mmoja kama unavyoonekana kwenye kioo na maelezo yake kwa Kiswahili cha watu wa hapa. Sitaki malipo. Ningeanza na ule wa toa_risiti.

Wako,
Mjenzi wa programu za simu,
Katuba, Lubumbashi